Shukrani kwa Aliyenionyesha Baiti Yenye Thamani 26

Namshukuru hadharani mtu ambaye hata jina lake silijui. Nilikuwa nikihamishia Windows programu ndogo ya kubana mafaili iliyoandikwa kwa lugha ya C kwa ajili ya Unix, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Ilikubali kujengwa bila kosa lolote, lakini mafaili yalitoka yameharibika, na mengine yalikatika katikati.

Aliniomba faili moja dogo, akalinganisha baiti zake za kabla na za baada, kisha akanionyesha kwamba kila penye baiti yenye thamani 10 (alama ya mstari mpya) pameongezwa 13 kabla yake, na kwamba usomaji ulikomea hasa kwenye baiti yenye thamani 26, ambayo Windows, faili likifunguliwa kama maandishi, huichukulia kuwa ndio mwisho wa faili. Unix haitofautishi faili lililofunguliwa kama maandishi na lililofunguliwa kama baiti tupu, ndiyo maana kosa halikuwahi kuonekana huko. Akanielekeza niandike "rb" (kusoma baiti kama zilivyo) na "wb" (kuandika baiti kama zilivyo) kila inapoitwa fopen, amri ya C ya kufungua faili.

Ninyi mnaosaidia wengine, tafadhali ombeni faili lenyewe mlitazame kama alivyofanya yeye. Tena siku iliyofuata alirudi, bila kuombwa, kuuliza kama faili la muda la programu hiyo linafutika, kwa kuwa Windows kwa kawaida hukataa kufuta faili ambalo bado limefunguliwa. Kweli, lilikuwa halifutiki.