Speke si "msemaji", ni kigong'ota

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe jambo lililoandikwa wiki mbili zilizopita kwenye safu ya majina ya mahali. Mwandishi wenu alieleza kuwa Ghuba ya Speke, iliyo kusini mashariki mwa Ziwa Victoria, ina jina la ukoo wa Kiingereza lenye maana ya "msemaji", kwa kuwa linafanana na neno la Kiingereza la kusema, na kwamba ni jina la kawaida tu huko Uingereza. Yote mawili si kweli. Mimi nimezaliwa Kisorya, ukingoni mwa ghuba hiyo, nikafanya kazi ya uuguzi miaka kumi na mmoja katika mji wa Exeter, mkoa wa Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Jina hilo nimeishi nalo huku na huko.

Kosa lenyewe naelewa linakotoka. Sisi wa Kisorya tunalitamka kama lilivyoandikwa, silabi mbili, na watoto wengine hulitilia irabu wakasema Sipeke. Waingereza wanalitamka kwa silabi moja, Spiik, na kwa sikio halina tofauti na neno lao la kusema. Mwalimu wetu wa darasa la tano naye alitufundisha kwamba Speke ni msemaji, nikaondoka na elimu hiyo hadi ukubwani.

Mwaka wangu wa pili Exeter, nikitoka zamu ya usiku, niliona kibao cha barabarani kilichoandikwa Brampford Speke. Nilisimama. Ni kama mtu wa Magu akute kibao cha Magu katikati ya Ulaya. Jumapili iliyofuata nilikwenda. Ni kijiji kidogo kando ya mto Exe, kama kilomita sita kaskazini ya mji. Kilichonishika si kanisa wala mto, ni nyumba. Zile za zamani zimejengwa kwa udongo uliokandwa pamoja na majani makavu, kuta nene kuliko urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na juu zimeezekwa nyasi. Niliweka kiganja ukutani mahali chokaa ilipobanduka, nikaona mabua ndani ya udongo, vilevile kama kwenye ukuta wa jiko la bibi yangu mzaa mama.

Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia bustani ndiye aliyenipa mwanzo wa habari. Aliniambia kwamba jina la kwanza, Brampford, ndilo la kijiji, na Speke liliongezwa baadaye kwa sababu ya ukoo ulioimiliki ardhi ile. Kwa hiyo ukoo haukuchukua jina la kijiji. Kijiji ndicho kilichochukua jina la ukoo. Tangu hapo nikawa natumia siku zangu za mapumziko kusoma maktaba, na haya ndiyo niliyoyapata.

Katika karne ya 12 ukoo huo wa Devon uliandikwa "le Espek". Zingatieni hilo "le". Wanormani, waliokuja Uingereza mwaka 1066 na lugha yao ya Kifaransa, walimwandika mtu "de" kama jina lake lilitokana na mahali, na "le" kama lilikuwa la utani au la kazi. Espek lilikuwa jina la utani, na maana yake ni ndege: kigong'ota, yule anayegonga shina la mti kwa mdomo akitafuta wadudu. Kifaransa cha kale kilimwita espeche, neno lenye asili ya Kijerumani, na Wajerumani hadi leo wanamwita Specht. Waingereza waliiacha ile "e" ya mwanzo, kama walivyoiacha kwenye neno la Kifaransa cha kale estable, ambalo kwao likawa stable, yaani zizi la farasi. Espek ikawa Spek, kisha Speke. Hakuna msemaji hapo. Ni jina la utani kama tunavyomwita mtu Simba au Kunguru, watoto wake wakalirithi.

Lilikuwepo mapema sana. Katika daftari kubwa la ardhi la mwaka 1086 yumo William aliyeitwa Spech, mwenye mashamba Bedfordshire. Baadaye akaja Walter Espec wa Helmsley, kaskazini, aliyeanzisha nyumba ya watawa ya Rievaulx mwaka 1132 na kupigana na Waskoti mwaka 1138. Walter hakuacha mtoto. Mali yake waligawana dada zake watatu.

Na hiyo ndiyo sababu ya jina hili kuwa adimu. Jina la ukoo Uingereza hufuata wanaume, na panapobaki mabinti peke yao jina huzama hata kama mali ipo. Tawi la ukoo huo katika mkoa wa Somerset, jirani na Devon, lililokaa Whitelackington karibu na mji mdogo wa Ilminster, lilipata hayo hayo: mrithi alibaki binti, Anne Speke, naye aliolewa mwaka 1756 na Lord North, aliyekuja kuwa waziri mkuu. Kilichobaki ni tawi dogo lililoishi jirani, kwenye nyumba iitwayo Jordans. John Hanning Speke, yule mvumbuzi Mwingereza ambaye ghuba yetu ina jina lake, aliyezaliwa mwaka 1827, ni wa tawi hilo. Hanning ni jina la ukoo wa mama yake. Yeye naye alikufa mwaka 1864 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni, hajaoa, hana mtoto. Kaburi lake liko katika kanisa la Dowlish Wake, huko huko Somerset.

Kwa tahajia hii, basi, makazi ya jina ni Devon na Somerset. Ukienda Shropshire, mpakani mwa Wales, utakuta Speake. Ukipanda Lancashire na magharibi ya Yorkshire utakuta Speak. Kamusi za majina zinayaweka yote kwenye ndege yule yule, lakini jina la utani laweza kuzuka mahali pengi, kwa hiyo wenye majina hayo si lazima wawe ndugu. Tena kuna Speke ya Liverpool, ulipo uwanja wa ndege, ambayo haihusiani na kigong'ota: hilo ni jina la mahali la Kiingereza cha kale, la vichaka na matawi.

Katika kanisa kuu la Exeter kuna kikanisa kidogo cha Sir John Speke, aliyekufa mwaka 1518. Sanamu yake ya jiwe imelala chali, imevaa chuma tangu shingoni hadi miguuni. Nilikuwa napita pale nikitoka kazini, na mara nyingi nilikuwa peke yangu. Nilimsimulia kimoyomoyo habari za dagaa walioanikwa mchangani Kisorya na kivuko cha kwenda Ukerewe, maana jina lake limefika huko na yeye hakujua.

Jambo la mwisho. Safu ilisema Speke "aliipa ghuba jina lake". Hapana. Yeye alifika upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akaliona ziwa kutoka kilimani, akarudi Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, bila kulizunguka. Aliyeipa ghuba jina hilo ni mvumbuzi mwingine, Henry Morton Stanley, mwaka 1875, alipotoka kijiji cha Kageye, kando ya ghuba hiyo, kwa mashua yake kulizunguka ziwa lote.

Kuna watakaoniuliza kwa nini mama mzima nahangaikia jina la mkoloni. Jina liko kwenye ramani ya shule ya wajukuu zangu, liko midomoni mwa wavuvi kila alfajiri. Mtoto akiuliza maana yake, apewe maana ya kweli. Wangu nimewaambia, nikawapeleka kwenye mgunga ulio nyuma ya nyumba, ambako kigong'ota mmoja ametoboa tundu la mviringo kama limepimwa kwa bikari. Sasa wakimsikia akigonga asubuhi wanapiga kelele, "Bibi, Speke ameamka!"

Namwomba mwandishi wa safu asahihishe katika toleo lijalo. Akipita barabara ya Mwanza kwenda Musoma, ashuke Lamadi, nitamwonyesha tundu hilo.

Muuguzi mstaafu,
Lamadi, Busega