Ukubwa wa kompresa uanzie kwenye hewa ya Lubumbashi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wa Lubumbashi wanaotaka kuyaongezea magari yao nguvu kwa supachaja, ile pampu ya hewa inayozungushwa kwa mkanda wa injini, ambayo sisi mafundi huiita kompresa. Karibu wote wanaokuja kwangu huja na kompresa waliyokwisha kuinunua, na huniambia kwa fahari kwamba wamechukua kubwa kuliko zote walizozikuta. Kabla ya fedha kutoka mfukoni, walipaswa kuuliza injini yao inavuta hewa kiasi gani kwa kila mzunguko, na hewa hiyo hapa kwetu ni nzito kiasi gani.

Hesabu ya kwanza ni nyepesi. Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo injini ya lita 1.6 huvuta lita 0.8 tu kwa mzunguko mmoja. Toyota walipotoa injini ya 4A-GZE mwaka 1986, yenye ukubwa huohuo, waliifunga kompresa ya SC12, ambayo husukuma lita 1.2 kila inapozunguka mara moja, na wakashusha mbano wa silinda hadi 8 kwa 1, yaani pistoni huibana hewa mpaka ibaki sehemu moja ya nane ya nafasi yake. Eaton M90, inayosukuma karibu lita 1.5, Ford waliifunga kwenye Thunderbird Super Coupe ya mwaka 1989, gari lenye injini ya V6 (ya silinda sita) ya lita 3.8.

Mimi mwenyewe niliwahi kufunga kompresa iliyotoka kwenye V6 ya namna hiyo juu ya injini ya kawaida ya lita 1.6, kwa sababu mwenye gari alisisitiza na mimi nikakubali. Kwa wiki tatu gari lilikimbia vizuri mno. Siku aliyokwenda Likasi, injini ilianza kugonga mlimani, naye hakuachia pedali ya mafuta. Nilipofungua bugi (plagi ya kuwashia moto) ya silinda ya tatu, kaure yake nyeupe ilikuwa imetapakaa vidoa vya kijivu vidogo kama pilipili manga iliyosagwa, na huo ni unga wa alumini ya pistoni. Kichwa kilipotoka, ukingo wa pistoni ulikuwa umemeguka kipande cha ukubwa wa ukucha, na ringi zilikuwa zimekwama.

Kilichoua pistoni ile ni joto. Kompresa ya rota mbili, ambayo asili yake ni mashine ya ndugu wawili wa ukoo wa Roots, wa Indiana nchini Marekani, waliyoipatia hataza mwaka 1860, ilitumika zamani kupuliza hewa katika matanuri ya kuyeyushia chuma, na sisi tuliokulia chini ya bomba la kiwanda cha shaba hatuhitaji kuelezwa tanuri linavyopenda hewa. Lakini ukiibana hewa kwa mashine hiyo mara 1.5, joto lake hupanda kwa zaidi ya digrii 50, na ukiibana mara 2 ongezeko hilo hufikia 100 au kulipita. Hewa ya moto namna hiyo, pamoja na petroli ya madumu ya kando ya barabara ambayo hakuna anayejua okteni yake (kipimo cha petroli kustahimili mbano bila kujilipukia), huifanya petroli ilipuke ndani ya silinda kabla ya wakati wake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo majedwali ya wauzaji hayalitaji. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapa ni karibu kilopaskali 88, wakati pwani ni 101. Kompresa inayobana mara 1.5 hufikisha 152 pwani, lakini hapa hufikisha 132 tu. Mwenye gari huona kipimo chake cha shinikizo kinasoma chini ya alichoahidiwa, akadhani ameuziwa kitu kibovu, kisha akadai puli (gurudumu la mkanda) ndogo zaidi ili kompresa izunguke mbio. Kuifikia ile 152 hapa, italazimika kubana mara 1.73, na kinachopasha hewa moto ni hiyo mara 1.73, si namba iliyo kwenye kipimo. Kompresa ndogo mno inayokimbizwa hivyo hujichemsha yenyewe, na kubwa mno hula nguvu ya injini na kuzidisha hewa. Zile za aina ya feni zina hesabu yake nyingine, kwa kuwa shinikizo lake hufuata mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, shinikizo linaloongezwa huwa mara nne.

Ninawaomba wauzaji wanaopitisha vifaa hivi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, waandike juu ya kila kompresa inasukuma lita ngapi kwa mzunguko na imetolewa kwenye injini ya ukubwa gani. Kibandiko kimoja kinatosha.

Gari lile nilililipia pistoni mpya kwa fedha yangu, zenye mbano wa 8 kwa 1. Sasa lina kompresa ya lita 1.2, puli yake ya kiwandani, na radieta ya kupozea hewa, na kipimo husoma karibu baa 0.4, yaani kilopaskali 40 juu ya shinikizo la hewa ya nje. Wiki iliyopita nilifungua bugi zote nne. Kaure zake zina rangi ya hudhurungi, wala sikuona kidoa hata kimoja.

Fundi wa magari,
Katuba, Lubumbashi