Wazee wenzangu, tuache kusema "ni uzee tu"

Kwenu wazee wenzangu wa Kongwa na kwingineko, na wanetu mnaotushika mkono,

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kibanio cha chuma alichokifunga kwenye pindo la kanga. Asubuhi aliketi mlangoni penye mwanga, nasi wajukuu tukimng'oa kope zilizogeukia ndani zikamkwaruza mboni. Ugonjwa huo wa vikope (trakoma) ulimla macho yote mawili. Tangu hapo hakwenda popote bila mtoto kumtangulia ameshika ncha ya fimbo. Mtoto huyo mara nyingi nilikuwa mimi, tena siku za shule.

Nawaandikia kwa sababu bado tunauogopa upofu ule wa bibi, na wa kwetu unapita mlango mwingine. Vikope vimepungua sana: maji, kunawa uso, dawa zilizogawiwa vijiji vizima, operesheni ya kope. Lakini tunaishi miaka mingi kuliko wao. Mwaka 2020 vipofu duniani walikadiriwa kuwa milioni 43. Tangu 1990 idadi hiyo ilipanda kwa nusu hivi, ingawa ukilinganisha watu wa rika moja, kiwango cha upofu kilishuka kwa zaidi ya robo. Tiba ipo, ila wazee tumeongezeka upesi kuliko inavyotufikia.

Anayeongoza kwa kupofusha ni mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi ya jicho. Mimi nilikaa naye miaka minne nikisema ni uzee tu. Noti ya elfu mbili na ya elfu kumi zikawa moja kwangu. Taa ya bodaboda usiku ilinipasukia usoni. Jirani akanishauri nisubiri "akomae". Hayo ni ya enzi zile mtu alipotolewa lenzi akabaki na miwani mizito kama kitako cha chupa. Siku hizi huwekewa lenzi bandia papo hapo, kwa ganzi, na wengi hurudi nyumbani siku ileile. Nilipofunguliwa bandeji, ile kanga yangu niliyodhani imefubaa ikawa manjano, niliiona nyeupe pe. Nililia.

Presha ya jicho (glakoma) ndiyo inayonitia hofu. Mara nyingi haiumi. Huanza kula uoni wa pembeni, unajikuta unagonga fremu ya mlango kwa bega, na kilichopotea hakirudi. Matone ya kila siku hulinda kilichobaki tu. Wenye kisukari nanyi, mkapimwe macho kila mwaka hata kama mnaona vizuri.

Na jamani, tuache kujitilia matone ya kununua tu dukani. Yale yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, huondoa wekundu leo, lakini ukiyazoea hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Glakoma hutembea katika ukoo. Ukienda kupimwa, nenda na mwanao aliyevuka miaka 40, naye akalie kiti kilekile.

Ni mimi, mwenzenu.