Hata sisi wa ufito mmoja tupimiwe samaki wetu

Mhariri,

Majuma mawili yaliyopita msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu kwamba vipimo vya samaki na misimu ya kufunga uvuvi ni mambo ya wenye nyavu na mitumbwi ya injini, na kwamba mtu anayekaa juu ya jiwe siku ya mapumziko na ufito wake mmoja aachwe apumzike. Nimeisoma barua yake mara mbili. Mimi ni mmoja wa hao anaowatetea. Nashona nguo hapa Musoma Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili nikitoka kanisani nachukua ufito na kopo la minyoo, nakwenda Makoko kwenye mawe ya ufukwe wa Ziwa Victoria. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa. Sivui niuze. Navua kwa sababu mgongo ulioinamia cherehani wiki nzima hunyooka pale tu, na kwa sababu naupenda ule mshtuko wa mshipi ukivutwa kutoka chini. Hata hivyo sikubaliani naye, na naomba nafasi nieleze kwa nini.

Aprili ya mwaka jana, asubuhi baada ya mvua kubwa ya usiku, niliuvuta mshipi kwa nguvu nikidhani nimedonolewa. Aliyekuja alikuwa sato jike, mnene, na ndoana haikuwa mdomoni mwake. Ilikuwa imemshika ubavuni, nyuma ya pezi. Nikamlaza juu ya jiwe nimchomoe. Akafumbua mdomo, wakamwagika vifaranga, wadogo kama punje za uwele, wenye macho tayari, wakirukaruka juu ya jiwe lililokuwa limeanza kupata joto la jua. Mama sato hubeba mayai na watoto wake mdomoni, na siku hizo hali kitu. Ndiyo maana chambo changu hakukigusa, ndoana ikamkuta akipita. Jambo hilo nilikuwa nalijua kwa kusikia tu. Nikapiga magoti, nikawa nawazoa kwa viganja vilivyolowa maji, lakini wengi walishaingia kwenye nyufa za jiwe ambako kidole hakifiki. Mama nilimrudisha. Akakaa kidogo kwenye maji ya kina kifupi, mashavu yakienda juu na chini, kisha akaondoka.

Kabla sijamrudisha nilikuwa nimempima. Fundi haachi futi kamba yake hata Jumapili, huwa mfukoni. Kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia alikuwa na sentimita 29. Kanuni zetu zinasema sato wa Ziwa Victoria asivuliwe akiwa chini ya sentimita 25. Kwa hiyo kwa kipimo huyu alikuwa halali yangu kabisa, ningeweza kumtia ndooni na asinihoji mtu. Nimelifikiria hilo sana tangu siku ile. Kipimo kinamlinda samaki ambaye hajazaa. Hakimlindi aliye katikati ya kulea.

Jumapili iliyofuata nikaanza kumpima kila niliyemvua. Sato walikuwa saba. Aliyefika 25 ni mmoja. Sangara walikuwa wawili, wa 31 na wa 34, na sangara asiyefika 50 haruhusiwi, viwanda vya minofu vyenyewe humkataa. Niliwarudisha wanane, nikaenda nyumbani na samaki mmoja. Mke wangu akauliza kulikoni. Nilipomweleza alinyamaza, halafu akasema, "Kwa hiyo ndoo zote zile tulizokula zilikuwa za watoto." Sikuwa na la kumjibu. Ni kweli. Miaka ishirini nimekuwa nikirudi na ndoo ya samaki wa kiganja, nikiwagawia na majirani, na moyoni nikijihesabu kuwa mtu asiyelidhuru ziwa.

Msomaji mwenzangu anasema ndoana moja haimalizi ziwa. Aje Makoko asubuhi ya Jumapili ahesabu. Wiki iliyopita, kwa macho yangu tu kutoka nilipokaa, tulikuwa watu ishirini na watatu, na kila mmoja alikuja akiwa na neno hilohilo kinywani, kwamba yeye ni mmoja tu. Tena kuna jambo ambalo watu wa ufito hatulisemi. Mvuvi wa mtumbwi huenda mbali, na wavu wake wa sangara wenye macho ya inchi 6 humwacha mchanga apite. Sisi tunakaa pembeni, kwenye mawe na matete, kwenye maji ya kiunoni. Hapo ndipo samaki wachanga wanapojificha wasiliwe na wakubwa. Hatuvui ziwa lote; tunavua chekechea yake.

Naona pia suala la haki. Mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, nyavu haramu zilichomwa moto kandokando ya ziwa hili, na kuna waliobaki bila kazi. Sibishi kwamba nyavu zile zilikuwa haramu. Lakini vijana wa pale mwaloni Mwigobero, mahali samaki wanaposhushwa, wanatuona tukipita na ndoo zetu za samaki wadogo kuliko wale waliokamatiwa wenzao, na hakuna anayetusimamisha kwa sababu tumevaa kofia za jua na tunasemekana kujifurahisha. Ukimwambia kijana huyo alinde mazalia, atakusikiliza vipi? Sheria inayomshika mwenye shida na kumpitisha mwenye burudani haiwezi kuheshimiwa mwaloni, na mimi nikiwa yeye nisingeiheshimu.

Sasa nije kwenye misimu, maana hapo ndipo wengi wetu hukasirika.

Mimi ni mzaliwa wa karibu na Kirumi, kwenye Mto Mara. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisimulia habari za samaki aitwaye ningu, kabla ya daraja, watu walipokuwa bado wanavuka kwa kivuko. Masika yakianza na mto ukigeuka rangi ya udongo, ningu waliacha ziwa wakaupanda mto kwenda kutaga kwenye maji ya mafuriko. Alisema ulikuwa unawasikia usiku. Watu walitega migono, wakala, wakakausha, na bado samaki walipita. Kisha zikaja nyavu za dukani, zikatandazwa midomoni mwa mito majuma yaleyale ya kupanda, na samaki wakakamatwa wakiwa na mayai tumboni. Hadithi ni hiyohiyo kwenye mito mingine inayoingia ziwa hili. Ningu hajaisha kabisa, bado anapatikana Mto Mara, ila yule ningu wa bibi yangu, wa kujaza mto, mimi sikumwona. Hakuisha kwa kuwa watu walivua wengi mwaka mzima. Aliisha kwa kuwa alivuliwa siku zile ambazo hakupaswa kuguswa.

Binti yangu amesomea uvuvi katika chuo cha Nyegezi, Mwanza, na ndiye aliyenieleza habari za ngege, samaki wa jamii ya sato, ambaye watoto wa siku hizi hawamjui hata kwa jina. Mwingereza mmoja, Michael Graham, alilipima ziwa hili mwaka 1927 na 1928, akashauri nyavu zisiwe na macho chini ya inchi 5 ili ngege apate kuzaa. Ushauri ukawa sheria. Baadaye, kuanzia miaka ya 1950, sheria ikalegezwa na kuondolewa kwa sababu watu walilalamika kwamba wavu mkubwa haushiki kitu, wakahamia nyavu ndogo, na ngege akapungua hadi akatoweka sokoni. Sangara alikuwa bado hajatawala. Huwa tunamtwika sangara kila kosa la ziwa hili, na la furu, wale samaki wadogo wa ziwa hili, ni lake kweli, lakini la ngege tulianza wenyewe.

Nikisema hivyo simaanishi kwamba kila ufito uwekwe darini miezi minne kila mwaka. Kufunga kunafuata tabia ya samaki. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti kwa makubaliano ya nchi zote nne, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, na watu wa Kigoma walivumilia jambo zito kuliko ninaloliomba mimi. Sato wetu huzaa karibu mwaka mzima, mvua zikimzidishia tu, kwa hiyo kumfungia miezi mitatu kutamsaidia kidogo. Yeye anahitaji mahali: ghuba chache zenye matete na mafunjo ziachwe moja kwa moja, asiingie mtu, awe na wavu, awe na mshipi wa kujifurahisha. Ningu ndiye anayehitaji msimu. Midomo ya mito, Mara ikiwa ya kwanza, ifungwe miezi ya masika kwa kila aina ya uvuvi. Wataalamu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, waseme tarehe, tutazifuata. Na jambo hili si geni kwetu kama tunavyojifanya. Wavuvi wa dagaa hupumzika kila mbalamwezi, taa zao zikiwa hazina nguvu mbele ya mwezi. Wanashona nyavu, wanarekebisha mitumbwi, maisha yanakwenda.

Nimeulizwa kuhusu watoto wanaovua furu kwa kijiti na uzi ili nyumbani kupatikane kitoweo. Hao wasiguswe. Sitaki kuona askari akimkimbiza mtoto wa miaka tisa juu ya mawe. Nasema habari yangu na ya wenzangu wenye mishahara, wenye mafundi wa kuwasaidia dukani, ambao tukirudi bila samaki tutakula maharage na hatutalala njaa. Nasema pia habari ya wageni wanaokodi boti kwenda kumtafuta sangara mkubwa wa kupiga naye picha. Miaka mingi tuliambiwa sangara wa kuchukuliwa ni wa kati ya sentimita 50 na 85, na sababu yake ni nzuri: wale wakubwa wengi ni majike, na mmoja hubeba mayai kwa mamilioni. Wageni wengi humrudisha, nawashukuru, lakini anayevutwa haraka kutoka kina kirefu bondo lake, ule mfuko wa hewa wa tumboni, hujaa hewa, akirudishwa huelea tumbo juu na ndege humshukia. Kumrudisha wa namna hiyo si kumwokoa. Afadhali wavue maji ya kina kifupi.

Upande wangu nimefanya machache. Ile ncha ya nyuma ya ndoana nimeibana kwa koleo ili itoke bila kuchana. Nalowesha mikono kabla sijamshika samaki, maana mkono mkavu humtoa ute. Na ufito wangu nimeufunga uzi mwekundu wa cherehani mahali pawili, sentimita 25 na sentimita 50 kutoka kitako. Samaki namlaza kwenye ufito, asipoufikia uzi anarudi, hakuna mjadala. Mwanzo kijana mmoja jirani yangu pale mawe alinitazama nikirudisha sato wa kukaanga akasema, "Fundi, si huyu ni mmoja tu?" Nikamwambia ahesabu wale ambao angepaswa kuwarudisha kwa mwezi mzima, kisha anijibu yeye. Mwezi wa pili alikuja na ufito wake nimfungie. Hadi leo nimefunga kumi na moja.

Kamati za BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, zina uwezo wa kufanya hivyo kwa rangi na brashi kwenye kila mwalo, na wizara ina uwezo wa kuandika wazi katika kanuni kwamba kipimo kinamhusu anayevua kwa burudani kama kinavyomhusu anayevua kwa riziki. Mpaka hapo itakapofanyika, Jumapili baada ya ibada nipo Makoko, mawe ya upande wa matete. Uzi mwekundu ninao wa kutosha. Anayetaka kufungiwa aje na ufito wake.

Fundi cherehani,
Musoma