Asante, mama wa mboga

Mama, jina lako silijui, na nadhani hata ungeulizwa usingelitaja. Wewe ndiye unayeuza mchicha na nyanya upande wa nyuma wa soko, mwenye kanga iliyofifia. Nilipoachishwa kazi, jioni ulikuwa unanifungia fungu kwenye gazeti: nyanya ngumu nzuri, si zile zilizopondeka chini ya tenga. Nikileta maneno ya kulipa, unasema, "Mwanangu, hiyo ya pembeni si yangu."

Nilidhani ni namna tu ya kunisitiri. Kumbe ulikuwa unasema Walawi 19, kwenye Biblia! Pale mwenye shamba anaagizwa asivune mpaka pembeni wala asiokote masazo. Ni ya maskini na mgeni. Kumbukumbu la Torati 24 inaongeza yatima na mjane, na hata mganda uliosahaulika shambani haurudiwi. Basi nikaisoma Ruthu 2 upya. Boazi, mwenye shamba ambamo Ruthu, mjane mgeni, aliokota masazo, hakuishia kwenye sheria. Aliwaambia vijana wake wachomoe masuke mengine makusudi na kumwachia, tena wasimkemee. Hapo kwenye kutokukemea ndipo nilipokuona wewe. Hukuwahi kunihoji mbele za watu, na hukunialika kanisani kwanza ndipo unipe. (Wapo wanaoanza na hilo, tuwaache.)

Sasa nimepata kibarua. Mwisho wa mwezi natenga kidogo kabla sijagawa matumizi, na kijana wa jirani anayetafuta kazi anajua pa kugonga. Mungu akuzidishie, mama.