Kabla hujalipia digrii ya mtandaoni, uliza krediti zake zitahesabiwa wapi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, matangazo ya "soma digrii ukiwa nyumbani kwa bei nafuu" hujaa kwenye simu za watu, na hapa Dodoma yana soko kubwa. Mji una maelfu ya watumishi waliohamia na wizara zao kuanzia 2016, wengi wao wana cheti au stashahada na wanataka kupanda ngazi. Wilayani nako, Kongwa, Bahi, Chemba, wapo vijana ambao matokeo ya kidato cha sita hayakutosha, au yalitosha ila ada haikupatikana. Hawa wote wanaulizana swali moja: kozi ipi ni rahisi? Swali la kwanza lilipaswa kuwa krediti za kozi hiyo zitapokelewa na nani. Kozi ya shilingi elfu hamsini isiyohesabiwa popote ni ghali kuliko ya laki tatu inayoingia kwenye matokeo yako.

Nianze na krediti yenyewe, maana watu wengi hupotelea hapo. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: mhadhara, kujisomea, mazoezi na mtihani, vyote vimo. Mwaka mmoja ni krediti 120 na shahada ya miaka mitatu ni 360. Uingereza wanahesabu hivyohivyo. Nchi nyingi za Ulaya hutumia 60 kwa mwaka, kila moja ikiwa saa 25 hadi 30. Marekani shahada nzima ya miaka minne ni krediti 120, yaani 30 kwa mwaka, hivyo kozi ya Marekani ya krediti 3 ukiipima kwa mwaka inakaribia krediti 12 za kwetu. Mtu akikwambia ana krediti 60, muulize ni za nchi gani ndipo umpongeze.

Jambo la pili ni tofauti ya cheti cha kumaliza kozi na krediti. Coursera na edX, tovuti za kozi za mtandaoni zilizoanza 2012, pamoja na Alison, zina masomo mazuri na mengine unayasikiliza bure. Mtu anayetaka kujua Excel, takwimu au uandishi wa ripoti aende huko bila kusita. Lakini kile cheti unachopakua mwishoni mara nyingi hakina krediti ndani yake. Krediti hutoka pale chuo chenye ithibati kinapokusajili, kinapothibitisha kwamba aliyefanya mtihani ni wewe, na kinapokuandikia transkripti (orodha rasmi ya masomo na alama zako) yenye jina la chuo. Kama tangazo halitaji transkripti, chukulia kwamba haipo.

Marekani kuna njia ya katikati ambayo imewavutia wengi: kozi za bei ndogo za makampuni, na mitihani ya CLEP ya College Board (hupima unachokijua tayari bila kusoma kozi), ambayo Baraza la Elimu la Marekani, ACE, hupendekeza ihesabiwe krediti. Shikilia hapo kwenye neno "hupendekeza". Uamuzi ni wa chuo kinachopokea, na vyuo vingi hukataa au huweka kikomo. Njia hii humfaa aliyekwisha kudahiliwa na chuo cha Marekani kinachozikubali, akamalizia huko masomo ya mwanzo kwa gharama ndogo. Anayekusanya vyeti hivyo akitarajia kuvileta Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, au Chuo Kikuu Huria ajue kwamba anaweza kuambiwa aanze mwaka wa kwanza. Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata senti, iandikie ofisi ya udahili ya chuo unachotaka kumalizia. Taja jina la kozi, msimbo wake, idadi ya krediti na chuo kinachoitoa, ambatisha muhtasari wa kozi, kisha omba jibu la maandishi. Jibu la kwenye simu halitakusaidia miaka miwili baadaye, wakati afisa aliyekujibu amehamishwa.

Kwa mtu wa Dodoma, mlango wa kwanza kuugonga ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kilianzishwa kwa sheria ya 1992, kikaanza kazi 1993, na kina kituo hapa mkoani. Ada unalipa kwa shilingi kupitia kontroli namba, na ukihitimu huhitaji kutafuta utambuzi wa shahada ya nje, yaani TCU ikubali kwamba shahada hiyo ni halali. Hilo la mwisho watu hulisahau wanapolinganisha bei. Sifa za kuingia shahada ya kwanza nchini ni masomo mawili ya principal yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5 na E ni 1 (waliomaliza 2014 na 2015 wana kipimo chao cha C mbili), au stashahada yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.0. Aliyepungukiwa asikimbilie chuo cha nje ambacho hakiulizi vyeti. Kuna programu ya msingi ya Chuo Huria. Mwenye kidato cha sita akiwa na walau pointi 1.5 kutoka masomo mawili, au mwenye stashahada ya GPA ya 2.0, anaweza kuipitia. Humo atatakiwa apate GPA ya 3.0 kwenye masomo sita ya lazima, na walau C katika masomo matatu ya fani yake. Nasisitiza hiyo C, kwa sababu mtu anaweza kupata GPA ya kutosha kwa masomo mepesi kisha akakwamishwa na somo moja la fani.

Upo pia utaratibu wa kutambua ujuzi alioupata mtu kazini, kwa mtihani na tathmini ya jalada la ushahidi. Nautaja kwa sababu matapeli wanautumia vibaya. Utaratibu halali hukupa sifa ya kudahiliwa, halafu unasoma kama wengine. Anayekuuzia shahada yenyewe kwa "uzoefu wa miaka 15" anakuuzia karatasi.

Sasa vyuo vya nje. Elimu ya masafa si ya jana: University of London imekuwa ikitoa shahada kwa wanafunzi walio mbali tangu 1858, UNISA ya Afrika Kusini ina historia ndefu, na IGNOU ya India ilianzishwa 1985. Kinachotajwa sana siku hizi kwa unafuu ni University of the People ya Marekani, iliyoanza 2009. Chuo hicho husema hakitozi ada ya masomo, na ni kweli, ila hutoza ada ya tathmini kwa kila kozi, nayo imekuwa ikipanda na imeshavuka dola 100. Shahada ina kozi 40. Chukua dola 100 tu uzidishe: ni dola 4,000, na kwa shilingi 2,500 kwa dola ni milioni 10. Bado kwa mtu anayelipa kidogokidogo kila muhula si mbaya, lakini siyo bure, na anayeanza akidhani ni bure ataachia njiani.

Gharama ambazo matangazo hayazitaji ndizo zinazovunja bajeti. Kuna ada ya maombi ambayo hairudishwi. Kuna ada ya msimamizi wa mtihani wa kwenye kamera, mara nyingine kwa kila mtihani. Kuna vitabu, kuna transkripti na kusafirishiwa cheti, na mwisho ada ya kuomba utambuzi. Halafu kuna kiwango cha kubadilishia fedha. Kadi ya benki au kadi pepe ya kwenye simu haitumii kiwango ulichosikia redioni. Ikikata kwa 2,600 nawe ulipiga hesabu kwa 2,500, zile dola 4,000 zimekula laki nne za ziada. Kadi pepe pia huwa na ukomo wa muamala: malipo yakizidi ukomo hukataliwa, na ukijaribu mara nyingi mfululizo mfumo unaweza kukufungia. Lipa siku tano kabla ya mwisho. Na chuo cha nje hakina wakala wa mtaani hapa Makole anayepokea ada kwenye namba yake ya simu.

Majina ni tatizo ambalo ningependa kila mwombaji alitatue kabla ya yote. Cheti cha kidato cha nne kinasema majina mawili, kitambulisho cha NIDA kina matatu, pasipoti imeandika herufi moja tofauti. Siku ya mtihani wa kusimamiwa unaonyesha kitambulisho mbele ya kamera, msimamizi analinganisha na jina ulilojisajilia, visipolingana anakuzuia, na mara nyingi ada ya mtihani imekwenda. Hata ukipita hapo, utakwama unapoomba utambuzi, kwani shahada ina jina moja na cheti cha sekondari lingine. Jisajili kwa jina lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi, na kama kitambulisho kinatofautiana rekebisha kwanza kwa hati ya kisheria.

Saa nazo zina mtego wake. Kazi inayotakiwa Jumatano kabla ya saa 5:55 usiku ya New York, huku kwetu mwisho wake ni kesho yake asubuhi: saa 1:55 majira yao ya baridi, saa 12:55 majira ya joto. Wao husogeza saa zao Machi na Novemba, sisi hatusogezi. Aliyezoea kutuma saa 1:30 asubuhi ataamka siku moja ya Machi akute mfumo umefungwa. Ikitakiwa Jumatano usiku, ihesabu kuwa Jumatano usiku ya Dodoma, utakuwa salama mwaka mzima.

Kuhusu bando, saa moja ya video ya ubora wa kati (480p) hula MB 300 hadi 500. Kozi mbili zenye saa tatu kila moja kwa wiki ni kama GB 2.4, na muhula wa wiki 16 unafika GB 38. Shusha ubora, au chagua kozi yenye maandishi ya kupakua.

Kutambua chuo feki kuna njia moja ya uhakika: nenda kwa mdhibiti wa nchi husika mwenyewe, usifuate kiungo kilichowekwa kwenye tovuti ya chuo. Marekani angalia orodha ya Wizara ya Elimu au ya CHEA, Kenya CUE, Uganda NCHE, Afrika Kusini SAQA. Kuishia na .edu kwenye anwani ni dalili nzuri, si ushahidi, kwani anwani za zamani ziliachwa zilivyo masharti yalipokazwa 2001. Matapeli huunda hata mashirika ya ithibati ya uongo ili yathibitishe vyuo vyao vya uongo. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa ikiuza shahada za vyuo visivyokuwepo, ikiwa na tovuti nzuri kupita za vyuo vingi vya kweli.

Kwa mtumishi wa umma uzito ni mkubwa zaidi. Ripoti ya uhakiki iliyokabidhiwa hapahapa UDOM Aprili 2017 ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na ule ulikuwa uhakiki wa vyeti vya sekondari na ualimu. Hivyo aombe kibali cha mwajiri kwa maandishi kabla ya kuanza, na amuulize afisa utumishi kama fani anayotaka kusoma inaingia kwenye muundo wa kada yake. Karani wa masjala akisoma usimamizi wa biashara kwa sababu ilikuwa nafuu, anaweza kuhitimu na kubaki ngazi ileile. Fani zenye mabaraza yake, kama udaktari, uuguzi, uhandisi na sheria, aanzie kwenye baraza husika, asianzie kwenye tangazo.

Nina maombi mawili, Mhariri. La kwanza ni kwa TCU: itoe kwa Kiswahili chepesi mwongozo wa kurasa mbili kwa anayetaka kusoma chuo cha nje kwa mtandao, ukieleza nyaraka zitakazotakiwa siku ya kuomba utambuzi, ili mtu azikusanye tangu siku ya kwanza: barua ya udahili, muhtasari wa kila kozi, risiti, na maelezo ya jinsi mitihani ilivyosimamiwa. La pili ni kwa magazeti, na lako likiwemo. Msipokee tangazo la shahada ya mtandaoni ambalo halitaji jina la mdhibiti wa nchi chuo kilipo na gharama yote hadi kuhitimu. Mistari miwili hiyo haitapunguza nafasi ya tangazo, na mtu wa Mpwapwa aliyeuza mahindi yake kulipia ada atajua anachonunua.

Mshauri wa masomo ya masafa,
Area C, Dodoma