Barua ya malalamiko: wati 100 mlizoandika kwenye amplifaya ya mezani hazimo

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU AMPLIFAYA NDOGO YA MEZANI ILIYOANDIKWA “WATI 100 + 100”

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua amplifaya yenu ndogo, ile ya boksi jeusi la chuma yenye kitufe kimoja cha kuzungusha kwa mbele, niiweke mezani kando ya kompyuta. Tangu hapo nimewaandikia mara tatu kupitia anwani yenu ya huduma, na mara zote tatu nimejibiwa kwamba ninunue adapta kubwa zaidi. Jibu hilo haligusi nilichouliza. Ndiyo maana safari hii naandika barua kamili, na naomba isomwe na mtu anayekijua kifaa chenyewe kwa ndani.

Kazi yangu ni kunakili mahojiano. Natumiwa rekodi, nasikiliza, naandika neno kwa neno. Nafanya kazi hiyo usiku zaidi kuliko mchana, spika zikiwa karibu kiasi cha kuzigusa kwa mkono, na sauti naiweka chini kwa sababu wenzangu wamelala. Spika nilikuwa nazo tayari: jozi iliyobaki kwenye redio ya zamani ambayo kichwa chake kilikufa, kila moja imeandikwa nyuma omu 6, yaani kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Ni spika nzuri, sauti ya mtu inatoka kwazo bila kuongezwa chumvi. Zilichokosa ni kitu cha kuzisukuma tu. Sikutafuta muziki wa kutikisa kuta. Nilitaka nijue kama msemaji amesema “hakusema” au “akasema”, maana hapo ndipo ushahidi wa mtu unapogeuka.

Siku ya kuchagua, mbele yangu kulikuwa na amplifaya kadhaa za bei nafuu. Moja iliandikwa wati 15 kwa kila upande. Yenu iliandikwa 100. Nikachukua yenu, na sababu yangu naiona ya maana hadi leo: nilidhani kifaa chenye nguvu nyingi za akiba kitatulia kikitumika kwa kiasi kidogo, kama lori kubwa lililopakiwa mzigo mwepesi. Namba yenu ndiyo iliyonipeleka huko. Na namba hiyo si ya kweli.

Ndani ya boksi mmeweka adapta ya volti 12 na ampea 3. Zidisheni: ni wati 36. Hizo ndizo zote zinazoingia. Amplifaya haizai umeme. Inaupokea, inaupa umbo la sauti na kuupeleka kwenye spika. Wati 200 za pande zote mbili haziwezi kutoka mahali zilipoingia 36.

Tangazo lenu linataja chipu iliyomo, TPA3116D2 ya Texas Instruments. Na chipu hiyo sina ugomvi hata kidogo. Ni ya daraja D, yaani inawasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa mno badala ya kuuchoma kuwa joto, ndiyo maana boksi linaweza kuwa dogo kama kiganja na bado mkono usiungue. Lakini karatasi ya mtengenezaji wake inasema wazi kwamba inafanya kazi kati ya volti 4.5 na 26, na kwamba inatoa wati 50 kwa kila upande kwenye spika za omu 4 ikipewa volti 21. Wati 100 nazo zimetajwa humo, ila ni pale pande zote mbili zinapounganishwa ziwe upande mmoja na kufungwa spika ya omu 2. Ninavyoona mimi, mmeichukua namba ya upande huo mmoja mkaiandika mara mbili.

Kwa adapta yenu na spika zangu, hesabu ni ya darasani: volti mara volti, gawanya kwa omu mara mbili. Kumi na mbili mara kumi na mbili ni 144. Gawanya kwa 12, yaani omu 6 mara mbili, unapata wati 12 kwa kila upande, na hapo sauti iko ukingoni mwa kupasuka. Ili spika za omu 6 zipate wati 100 kila moja zinahitajika karibu volti 35, na chipu haivumilii kufika huko, hata iletewe adapta gani.

Naomba mnielewe vizuri. Wati 12 zingenitosha na kubaki. Spika nyingi za ukubwa wa zangu hutoa sauti ya kama desibeli 86 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) zikipewa wati moja tu na msikilizaji akiwa umbali wa mita moja, nami nakaa karibu zaidi ya hapo. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, inashauri mfanyakazi asizidi wastani wa desibeli 85 kwa saa 8. Kwa hiyo mtu wa mezani, hata akipenda sauti ya juu, anaishi ndani ya wati moja. Na kutoka 12 kwenda 100 kunaongeza desibeli 9 na ushei, ongezeko ambalo sikio halilihesabu hata kuwa mara mbili ya sauti ya mwanzo. Kama boksi lingesema ukweli, “wati 12 kwa spika za omu 6”, ningeinunua bila kusita. Kinachoniumiza ni kwamba namba kubwa ilinifanya nisiulize maswali yaliyokuwa na maana kwangu, nikayakuta majibu yake baada ya kuiwasha.

Jibu la kwanza lilikuja kabla sijacheza rekodi yoyote. Kitufe kikiwa sifuri kabisa, spika zote mbili zilitoa mlio wa “shiii”, kama mvuke unaotoka kwenye mdomo wa birika. Mtu aliyekaa upande wa pili wa chumba hausikii. Mimi niliye mezani nausikia wakati wote, na unakaa palepale zinapokaa herufi laini za maneno: f, h, s, sh. Rekodi ya simu, ambayo tayari ni hafifu, inazama humo. Nimelazimika kurudia sentensi moja mara nne au tano, na mara mbili nimemrudishia mwenye kazi ukurasa wenye nafasi wazi kwa sababu sikuwa na uhakika na neno.

Nilimpelekea fundi anayeaminika. Hakufungua skrubu hata moja, kwa kuwa nilihofia mtasema nimevunja dhamana. Alizungusha kitufe hadi mwisho, akaingiza toni ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, yenye milivolti 50, akapima kwenye vituo vya spika: volti 3 na ushei. Ni ukuzaji wa zaidi ya mara 60. Chipu hiyo inampa mtengenezaji ngazi nne za ukuzaji, desibeli 20, 26, 32 na 36, na ngazi huamuliwa na rezista, vipuri vidogo kabisa vya kuzuia umeme ambavyo kiwanda huviweka. Nyinyi mmechagua ya juu kuliko zote, desibeli 36, ambayo ndiyo hiyo ya zaidi ya mara 60. Tundu la hedfoni la kompyuta hutoa karibu volti 1. Ukuzaji wa mara 10, yaani ile ngazi ya chini kabisa ya desibeli 20, unatosha kuifikisha amplifaya ya volti 12 mwisho wa uwezo wake. Zile mara 50 zilizozidi hazileti sauti yoyote yenye faida. Zinakuza kelele ya ndani ya kifaa na kunipelekea masikioni.

Ukuzaji huohuo umekiharibu na kitufe. Kikizungushwa kidogo sana, sauti inaruka kutoka kimya hadi kelele. Kufika robo ya mzunguko tayari inapasuka. Robo tatu zilizobaki hazina kazi. Na mimi natumia pale mwanzoni kabisa, ambapo volyumu za bei nafuu ndipo zinapokosea zaidi: nyuma ya kitufe kuna mbili kwenye mhimili mmoja, ya kushoto na ya kulia, na mwanzoni mwa mzunguko huwa hazilingani. Kwenye kifaa changu spika ya kushoto inaanza kusema wakati ya kulia bado imenyamaza. Mahojiano ya watu wawili, kila mmoja amerekodiwa upande wake, nasikia mmoja tu anajijibu. Ili nimsikie wa pili inabidi nipandishe sauti kuliko nyumba inavyoruhusu.

Kwa sasa nimepunguza sauti ndani ya kompyuta ili niweze kusogeza kitufe mbele kidogo. Inasaidia pande zilingane. Mlio wa “shiii” haujapungua, kwa sababu unatokea baada ya kitufe.

Lipo jambo jingine, na hili lingeweza kumgharimu mtu kifaa chake. Waya wa spika zangu za zamani una nyuzi tatu: chanya mbili, na hasi moja inayotumiwa na spika zote. Kwenye redio ya zamani ulifanya kazi miaka yote. Nilipoufunga kwenye amplifaya yenu ikanyamaza kabisa. Nikadhani imekufa nikawaandikia. Nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba waya wangu ni mbovu, na kwamba ninunue adapta kubwa zaidi. Waya si mbovu. Amplifaya ya namna hii inaisukuma spika kutoka pande zote mbili, kwa hiyo kituo cha hasi nacho kina umeme wa sauti na hakitakiwi kugusana na hasi ya upande wa pili wala na chasisi, yaani boksi lenyewe la chuma. Nilikuwa nimefanya shoti bila kujua, na kinga iliyomo ndani ya chipu ndiyo iliyookoa. Karatasi ya maelekezo mliyoweka haina neno hata moja juu ya hilo. Ina picha ya spika mbili, mishale minne na ile namba 100 kwa herufi nene. Watu wengi wanaonunua amplifaya ndogo wanainunua kwa sababu kama yangu, wanafufua spika za zamani, na waya kama wangu wanao.

Kishindo kinachopigwa na spika kila ninapozima, sikiwekei mkazo leo, ila kipo na kinashtua.

Sasa nirudi kwenye adapta mnayonishauri ninunue, ya volti 24 na ampea 6. Kwa spika zangu itaongeza wati, ndiyo, hadi karibu 48 kwa hesabu ileile. Sijaomba wati. Mlio wa “shiii” utabaki ulivyo, pande hazitalingana, na kitufe kitaendelea kuwa na robo moja tu yenye kazi au pungufu ya nusu. Tena hakuna mahali mlipoandika kama kapasita na vipuri vingine mlivyoweka humo vinahimili volti 24 kwa saa nyingi. Nimeuliza, sijajibiwa. Na kama wati zilizoandikwa haziwezi kukaribiwa bila adapta hiyo, basi boksi mliloniuzia lilikuwa pungufu.

Njia ya kuandika wati kwa ukweli haihitaji kubuniwa upya. Marekani wana kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, tangu mwaka 1974, iliyotungwa kwa sababu ya matangazo ya namna hii hii, na mwaka 2024 waliikaza: nguvu ipimwe kwenye omu 8, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, uchafu wa sauti usifike asilimia 1. Hata pale msipobanwa na kanuni hiyo, hakuna kinachowazuia kupima hivyo na kuchapisha mlichopata mkiwa mmetumia adapta iliyomo ndani ya boksi.

Kwa hayo, naomba yafuatayo. Kwangu binafsi, nirudishiwe fedha yangu yote pamoja na gharama ya kukituma kifaa. Au, kama mnaweza, mnibadilishie kwa chenye ukuzaji wa desibeli 20 ambacho mmekisikiliza kwa sikio, kitufe kikiwa sifuri, kabla hamjakituma. Lolote kati ya hayo mawili nitalipokea. Kwa wanunuzi wengine, ondoeni “100 + 100” kwenye boksi na kwenye tangazo, muandike nguvu halisi kwa adapta iliyomo, pamoja na omu zake, na muandike ukuzaji ni desibeli ngapi. Na kwenye karatasi ya maelekezo wekeni onyo la kutounganisha hasi za spika, kwa lugha ambayo mtu asiye fundi ataielewa. Hilo la mwisho naomba msilisubirishe hata kama yaliyobaki yatachukua muda.

Mkikataa, naomba mniandikie sababu, na mniambie ni kwa adapta ipi, spika za omu ngapi na sauti safi kiasi gani wati 100 zilipatikana. Nikipata maelezo hayo nitayapeleka pamoja na barua hii kwenye mamlaka inayolinda watumiaji.

Nasubiri majibu ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Nimeambatisha nakala ya risiti, picha ya boksi, picha ya lebo ya adapta, vipimo vya fundi, na rekodi ya sekunde 30 iliyochukuliwa mbele ya spika kitufe kikiwa sifuri. Amplifaya nimeirudisha kwenye boksi lake, adapta na karatasi vikiwa pamoja nayo, tayari kwa kuchukuliwa.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu